Kibano cha betri kimeganda: maji ya magadi, dawa ya kutu, bisibisi, pula au msumeno?

Nati imelegea. Spana namba 10 imezunguka mara nne, mara tano, bolti inacheza yenyewe, na bado kibano cha waya kimekaa juu ya kichwa cha betri kana kwamba vimezaliwa pamoja. Unakivuta kwa mkono, betri nzima inanyanyuka. Hapo ndipo wengi wetu huchukua praizi, tukakibana kile kibano, tukazungusha kulia na kushoto mpaka kitoke.

Nilifanya hivyo kwenye Noah yangu, upande wa hasi, asubuhi ya safari ya kwenda mazikoni Korogwe. Kibano kilitoka, na nilishukuru. Sikuangalia kwamba kichwa cha betri nacho kilikuwa kimezunguka kidogo. Pale kinapochomoza kwenye mfuniko wa plastiki palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umekizunguka pande zote. Siku ya tatu pale pana unyevu. Wiki ya pili pana unga mweupe, na gari likawa linawaka siku moja na kugoma siku inayofuata. Betri ile ilikuwa na miezi minne tu. Niliitupa kwa sababu ya kibano ambacho duka la spea lolote lingeniuzia kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo naandika hapa njia 5 ambazo mtu anaweza kutumia bila kufika huko nilikofika. Zote nimezitumia au nimesimama kando ya fundi akizitumia. Kila moja ina siku yake.

Mambo ya kupimia kabla hujachagua

La kwanza kabisa ni kichwa cha betri. Kile kichwa ni risasi, na risasi ni madini laini, ukikikwaruza kwa kisu kinachubuka. Kwa chini kimeunganishwa na sahani za ndani, na pale kinapopita kwenye mfuniko kimezibwa ili asidi isipande. Hakiuzwi peke yake. Kikilegea, betri imekwisha hata kama sahani zake bado ni nzima. Kwa hiyo kila njia niliipima kwanza kwa swali hili: inakisukuma kichwa kuelekea wapi? Kukandamizwa kwenda chini kinavumilia. Kuvutwa juu kwa nguvu, kupindwa au kuzungushwa hakivumilii.

La pili ni wewe mwenyewe. Ndani ya betri kuna asidi ya salfuriki, na betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua. Spana ikigusa chanya huku upande mwingine umegusa bodi ya gari, cheche yake si moja.

Mengine ni vifaa ulivyonavyo, muda ulionao, na kama unataka kibano hicho hicho kirudi kazini. Hili la mwisho watu hulipuuza, ila kwa baadhi ya magari ndilo linaloamua kila kitu, na nitaeleza chini.

Jambo moja la umbo litakusaidia katika njia zote. Kichwa cha betri hakikunyooka kama bomba. Chini ni kinene, juu ni chembamba: kwa kila milimita 9 za urefu kinapungua milimita 1 ya unene. Maana yake kibano kikipanda juu milimita moja au mbili tu kimeshapata nafasi, na kuanzia hapo kinatoka chenyewe. Huhitaji nguvu ya kukitoa chote. Unahitaji kile kishindo kidogo cha mwanzo, na kiwe cha kwenda juu wima.

Maandalizi, njia yoyote utakayotumia

Zima gari, toa ufunguo, acha boneti wazi dakika chache gesi itoke. Vua pete na saa. Vaa glavu na miwani, hata ya jua kama huna nyingine. Usivute sigara pale, na usimulike kwa kiberiti. Anza na hasi, yaani ule waya ulioungwa kwenye bodi. Ukiwa unafungua hasi na spana ikagusa bodi, hakuna kinachotokea kwa kuwa vyote ni kitu kimoja. Hasi ikishatoka, hata ukigusa bodi wakati unahangaika na chanya, umeme hauna pa kupita. Kwenye kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Kama kilichoganda ni chanya na hasi inatoka vizuri, una bahati: toa hasi, izungushie kitambaa kikavu na uisogeze mbali, kazi iliyobaki ni nyepesi. Kama kilichoganda ni hasi, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu utafanya kazi betri ikiwa bado imeungwa.

Hakikisha pia unajua namba ya siri ya redio kama gari lako linaidai, na kama buti lako hufunguka kwa umeme usilifunge huku funguo zimo ndani.

Njia tatu sikuziweka kwenye mashindano haya: nyundo, moto, na ile ya praizi ya kuzungusha. Nyundo inaweza kuvunja kiungo cha ndani bila wewe kuona, na kiungo kilichovunjika kinaweza kutoa cheche ndani ya betri yenye gesi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, kwa hiyo mtu anayepasha kibano kwa moto yuko karibu kuyeyusha kichwa chenyewe, mbali na haidrojeni niliyotaja. Ya praizi nimeshaisimulia.

1. Maji ya moto na magadi soda

Ule unga unaoona si kutu ya kawaida. Mweupe mara nyingi ni salfeti ya risasi, na ule wa rangi ya bluu au kijani ni shaba ya waya au ya kibano iliyoliwa na asidi. Umejijenga katikati ya kibano na kichwa na kuvibana kama saruji. Magadi soda, ile ile ya kukandia maandazi, ni adui wa asidi. Vikikutana hutoa povu la hewa ya kaboni, na asidi inakwisha nguvu.

Vifaa na muda: kijiko kimoja cha chakula cha magadi soda kwenye glasi ya maji ya moto, mswaki wa zamani, na dakika 10 hadi 15. Mwagia kidogo kidogo juu ya kibano, si juu ya betri nzima. Utasikia mchemko mdogo, povu litapanda likiwa na rangi ya maziwa, kisha litapungua. Sugua kwa mswaki, mwagia tena. Povu likikoma kabisa, asidi ya juu imekwisha. Suuza kwa maji safi. Joto la maji nalo linasaidia, linaulainisha unga na kukitanua kibano kidogo.

Kwa kichwa cha betri hii ndiyo njia ya upole kuliko zote, haikigusi. Ila hakikisha vizibo vya betri vimefungwa barabara. Magadi yakiingia ndani ya chumba cha betri yanaua asidi ya kazi, na hiyo hairudi. Kwako wewe hatari ni ndogo: rashasha machoni na maji ya moto mkononi. Kibano kinabaki kizima na safi kuliko kilivyokuwa.

Udhaifu wake ni kwamba inatibu unga tu. Kama kibano kiligongwa kwa nyundo siku kilipofungwa, au kimebanwa kupita kiasi, maji hayatakitoa. Na usichanganye magadi soda na ile poda ya keki yenye jina la kufanana, maana ile tayari imechanganywa na asidi yake, povu utaliona lakini nguvu ni ndogo. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, nayo yanafanya kazi ukiyasaga na kuyayeyusha, kwa kuwa nayo ni makali dhidi ya asidi. Vaa glavu tu, yanachubua ngozi.

Kuna wanaomwagia soda ya kola. Nimeona ikisafisha, siwezi kukana. Lakini kola yenyewe ni asidi yenye sukari: inaondoa ukoga na kuacha utelezi unaonata, na haiui asidi ya betri. Ukiwa njiani huna kingine, itumie kisha suuza kwa maji mengi.

Inamfaa anayeona unga kwa macho, aliye nyumbani au karibu na mama ntilie mwenye maji ya moto, na asiye na haraka ya dakika mbili.

2. Dawa ya kutu

Nazungumzia yale mafuta mepesi ya kupuliza, WD-40 na wenzake, ambayo kila fundi anayo kwenye boksi lake. Hutambaa kwenye nafasi ndogo na kulainisha.

Pale inapong'ara ni kwenye nati na bolti. Bolti ya kibano ni chuma, na asidi inakula kichwa chake mpaka namba 10 haikamati tena, spana inateleza na kuzila pembe zake. Puliza, subiri dakika 10 au zaidi, kisha tumia spana ya ringi inayokumbatia nati pande zote, usitumie yenye mdomo wazi. Nati zilizoshindikana nimeziona zikifunguka kwa subira hiyo tu. Ila kati ya kibano na kichwa, penye unga wa salfeti, mafuta hayafanyi mengi. Hayaui asidi, na unga ukishalowa mafuta hata maji ya magadi yanapata shida kuufikia. Ndiyo maana nasema kama utatumia vyote viwili, magadi yatangulie, pakauke, mafuta yafuate.

Kichwa cha betri hakidhuriki. Kwako kuna jambo la kuangalia: mvuke wa dawa hiyo unashika moto, na uko juu ya betri. Usipulize kisha ukafungua hapo hapo huku hasi imeunganishwa. Acha upepo upite. Wanaotumia mafuta ya taa au petroli badala yake, naomba waache kabisa. Kibano kinabaki kizima, ila ufute mafuta yote kabla ya kukirudisha.

Inamfaa ambaye shida yake ni nati, au kibano kikavu kisicho na unga ambacho kimekaa miaka bila kufunguliwa.

3. Bisibisi bapa kwenye mdomo wa kibano

Hii ndiyo njia ya barabarani, na ikifanywa sawasawa ni nzuri. Ikifanywa ovyo ndiyo inayopasua mifuniko ya betri.

Sawasawa ni hivi. Legeza nati, na ikiwezekana itoe bolti yote. Chukua bisibisi bapa nene, zungushia tepu ya umeme shina lake lote, uache ncha tu. Ingiza ncha kwenye ule mwanya wa mdomo wa kibano, pale bolti ilipokuwa inapita, kisha izungushe bisibisi kama unafunga skrubu, robo mzunguko, taratibu. Mdomo unafunguka. Unasikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anakanyaga kokoto moja. Huo ndio unga unaoachia. Toa bisibisi, shika kibano kwa vidole pande mbili, kinyanyue wima. Kikikataa, rudia kwa kupanua kidogo zaidi.

Ovyo ni kuichomeka bisibisi chini ya kibano na kuikandamiza kama mtaimbo, ukiegemea mfuniko. Plastiki ile haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo, na kichwa kinapindwa upande mmoja.

Kuhusu kichwa, basi, usalama uko mikononi mwako. Kupanua mdomo hakukigusi, kukandamiza kama mtaimbo kunakivunja. Hapa ukubwa wa kichwa una maana. Betri za magari madogo ya Kijapani, kama Vitz na Passo, nyingi zina vichwa vyembamba, takriban milimita 14.7 kwa chanya na 13 kwa hasi, wakati za magari makubwa zinafika 19.5 na 17.9. Tofauti hiyo ndogo kwa macho ni kubwa kwa mkono. Ukiwa na betri ya kichwa chembamba, usikandamize kama mtaimbo hata kidogo. Kwenye maandishi ya betri za mtindo huo, 46B24L ni ya vichwa vyembamba na 46B24LS ni ya vinene. Angalia hiyo S.

Na hapa nitoke pembeni kidogo, kwa kuwa ndipo vibano vingi vya kwetu vinapogandia. Mtu alikuwa na betri ya vichwa vinene, ikafa, akauziwa ya vichwa vyembamba. Kibano kikawa kinacheza. Fundi akachomeka kipande cha bati la kopo, au skrubu, au msumari katikati, akakaza. Gari likawaka, wakaachana. Miezi minane baadaye ile skrubu imezama kwenye risasi kama jino kwenye ufizi, na hakuna bisibisi itakayopanua mdomo mpaka skrubu ile itoke kwanza. Kabla hujapanua chochote, safisha juu ya kichwa uangalie kama kuna kitu kimechomekwa. Ukikiona, kishike kwa praizi ndogo yenye mdomo mrefu, ukivute juu wima. Mara nyingi kikitoka hicho, kibano kinafuata bila ugomvi. Wakati wa kurudisha, nunua kile kikombe chembamba cha risasi kinachovalishwa kichwa ili kinenepe, au badilisha kibano kiwe cha saizi yake.

Vifaa na muda: bisibisi, tepu, dakika 5. Kwako, hatari ni shoti kama bisibisi haikufungwa tepu na hasi bado ipo. Kibano cha bati lililokunjwa, kama vya magari mengi ya Kijapani, kinapanuka na kurudi. Cha risasi ya kumwaga kinaweza kupasuka kikipanuliwa mara nyingi.

Inamfaa aliyekwama njiani na mwenye mkono mtulivu.

4. Pula

Hiki ni chombo kidogo chenye miguu miwili inayoshika chini ya kibano na skrubu katikati inayokaa juu ya kichwa cha betri. Ukizungusha skrubu, miguu inavuta kibano juu huku skrubu ikikandamiza kichwa chini. Rudi kwenye kipimo changu cha kwanza uone kwa nini mafundi umeme wanaipenda: kichwa hakivutwi wala hakizungushwi, kinasukumwa kuelekea kule kule kinakokaa imara.

Kwa hiyo kwa kichwa cha betri, kati ya njia za kutumia nguvu, hii ndiyo yenye adabu. Ncha ya skrubu inaweza kutoboa risasi ikiwa kichwa ni chembamba, basi weka sarafu juu yake kwanza. Muda ni dakika 2 au 3 ukishaiseti.

Taabu iko kwenye kuipata na kuiseti. Si kila duka la spea linayo, na mwenye gari moja ataitumia mara moja kwa miaka mitatu. Miguu yake inahitaji nafasi chini ya kibano, na kibano kilichokaa mpaka kwenye plastiki hakina nafasi hiyo. Kwa chanya ya Toyota nyingi, ambapo juu ya kibano pamefungwa sanduku dogo la fyuzi kubwa, mguu mmoja hukosa pa kushika. Na kumbuka pula yote ni chuma: ikiwa juu ya chanya na hasi haijatoka, mkono wake ukigusa boneti au bodi ni shoti kubwa.

Kibano kinabaki kizima. Inamfaa fundi, mwenye magari kadhaa, dereva wa daladala anayefungua betri mara kwa mara kwenda kuchaji, na yeyote mwenye betri mpya ya gharama asiyetaka kubahatisha.

5. Kukata kibano

Watu huiona hii kama kushindwa. Mimi naiona kuwa ni hesabu: unatoa kitu cha bei ndogo ili kuokoa kitu cha bei kubwa.

Unatumia msumeno wa chuma, wa mkono. Mashine ya kukatia, ile inayorusha cheche, isikaribie betri kabisa. Ukiweza kukata bolti peke yake, kata bolti, kibano kitapona. Bolti ikishindikana, kata shavu la kibano upande wa pili wa mdomo, ukiacha milimita moja ya mwisho bila kukata ili meno ya msumeno yasikwaruze kichwa. Hiyo milimita itafunguka kwa bisibisi. Lowesha pale kwa maji kidogo unapokata, vumbi la risasi si la kuvuta puani, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujala. Kata kibano, usikate waya, maana kila sentimita ya waya utaihitaji.

Kichwa hakipati nguvu yoyote ya kukipinda, ukiwa mtulivu. Kwako, cha kuogopa ni msumeno kugusa chanya na bodi kwa pamoja, kwa hiyo hasi itoke kwanza. Kama hasi ndiyo unayoikata, funika chanya kwa kitambaa kikavu kinene au raba. Muda ni dakika 15 hadi 20, pamoja na kufunga kibano kipya.

Sasa lile jambo la kibano kurudi kazini. Kwa gari la zamani lenye kibano cha kawaida, hakuna hasara. Lakini kwenye Toyota nyingi, kibano cha chanya kimeunganishwa na fyuzi kuu, na kwenye magari mapya yenye kuzima injini yenyewe kwenye foleni, kibano cha hasi kina kifaa cha kupimia chaji ya betri. Ukikata hapo umekata kitu cha bei ghali, ambacho pengine kitakuchukua siku kukipata. Vile vile, vibano vya madukani vinavyobana waya kwa bolti mbili vinalegea na kuliwa na asidi mapema kuliko vile vilivyobanwa kwa mashine. Ukifunga hicho, rudi ukikague baada ya mwezi.

Inamfaa mwenye kibano ambacho tayari kimeliwa nusu, au chenye bolti iliyoliwa pembe zote.

Uchague ipi, kwa hali uliyo nayo

Uko nyumbani, unga unaonekana, gari halina haraka: magadi soda, kisha bisibisi kwenye mdomo. Kwa uzoefu wangu, mara chache utahitaji kuendelea zaidi ya hapo.

Uko njiani, huna maji ya moto wala pula: tafuta kwanza kama kuna bati au msumari uliochomekwa, kisha bisibisi yenye tepu. Kikikataa baada ya majaribio matatu, usiongeze nguvu. Kama unachohitaji ni kuwasha gari tu, huna sababu ya kukitoa. Kwaruza juu ya kichwa na juu ya kibano mpaka uone chuma king'aavu, kaza nati tena, jaribu. Mara nyingi umeme unapita, ukafika gereji.

Nati ndiyo tatizo, kibano chenyewe hujakifikia: dawa ya kutu, spana ya ringi, subira. Bolti ikiliwa pembe, ikate hiyo bolti.

Betri ni mpya na kibano ni kizuri: pula, hata kama ni kumwita fundi umeme mwenye nayo. Ukimwita, simama pale. Ukimwona anachukua nyundo au praizi, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tusizungushe, tupanue mdomo kwanza." Fundi mzuri hatakasirika.

Betri imekufa na unaitoa ili uweke nyingine: hapo kichwa si muhimu tena, muhimu ni kibano. Tumia magadi na bisibisi, na kama ni Toyota yenye sanduku la fyuzi, linda kibano kuliko betri. Usalama wa cheche na asidi ni ule ule, betri iliyokufa nayo ina gesi.

Una lori au Canter ya volti 24, betri mbili zimeungwa kwa mfuatano: anza na ile hasi inayokwenda kwenye bodi. Waya unaounganisha betri moja na nyingine uache mpaka hiyo itoke, hata kama ndio ulioganda na ndio unaokukera.

Unga unarudi kila baada ya wiki chache ingawa unasafisha: shida haiko kwenye kibano. Pima chaji injini ikiwa inaunguruma, iwe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikizidi sana hapo, chaja ya gari inachemsha betri na kuipandisha asidi juu. Kama chaji iko sawa, angalia pale kichwa kinapochomoza. Ukimaliza kufunga kibano kisafi, pakaa grisi au mafuta ya mgando kwa nje, safu nyembamba.

Na kama kichwa kimeshazunguka, unauona ule mstari mwembamba kama unywele: usijaribu kuwasha kwa waya wa gari lingine. Mkondo mkubwa ukipita kwenye kiungo kilichokatika ndani unaweza kutoa cheche, na gesi iko hapo hapo. Toa hasi, kisha chanya, ibebe betri ikiwa wima, uipeleke duka la betri. Wengi wanaichukua ya zamani na kupunguza bei ya mpya, kwa sababu risasi yake bado ina thamani.